Mimea ya ndani: tafuta dirisha kwanza, mmea baadaye

Wengi wetu hununua mmea kwanza, tukafika nao nyumbani, ndipo tunaanza kuzunguka sebuleni tukiutafutia mahali. Unaishia kwenye kona ile iliyokuwa tupu, kwa sababu ndipo unapopendeza. Miezi michache baadaye majani yanajinyonganyonga, na lawama anabebeshwa mwenye nyumba kwamba hana mkono wa kupanda.

Mara nyingi mkono hauna kosa. Mmea hutengeneza chakula chake kwa mwanga, na mambo mengine yote yanaufuata huo mwanga: kiasi cha maji, mbolea, ukubwa wa chungu, hata aina ya udongo. Mmea ulio dirishani hunywa haraka na udongo wake hukauka. Mmea ule ule ukihamishiwa kona yenye giza hunywa kidogo kidogo, na maji yaliyokuwa yanautosha sasa yanauozesha. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza dirishani.

Kupima mwanga ulio nao

Jicho ni shahidi wa uongo katika jambo hili. Mboni hutanuka kwenye giza na kubana kwenye mwanga, hivyo chumba kinaonekana kina mwanga wa kutosha hata kisipokuwa nao. Nje saa sita mchana, jua likiwaka, mwanga hufikia luksi (kipimo cha ukali wa mwanga) 100,000 hivi. Katikati ya chumba cha kawaida unaweza kupata luksi mia chache tu. Wewe utasoma gazeti hapo bila shida, lakini mmea una njaa.

Kipimo rahisi ni kivuli. Chagua siku isiyo na mawingu, karibu na saa sita mchana, zima taa zote. Weka karatasi nyeupe pale pale unapotaka mmea ukae, kisha nyoosha kiganja juu yake kwa umbali wa sentimita 30. Kivuli kikitoka kikali, kila kidole kikionekana na kingo zake, mwanga ni mkubwa. Kikionekana lakini kingo zimefifia, mwanga ni wa wastani. Ukilazimika kukitafuta kivuli, mwanga ni hafifu, na orodha ya mimea unayoweza kuweka hapo ni fupi sana.

Simu nyingi zina programu za kupima luksi. Hazilengi sawasawa, lakini kwa kulinganisha kona moja na nyingine zinatosha. Kwa makadirio, luksi 500 hadi 1,000 zinabeba mimea migumu, kati ya 1,000 na 5,000 mimea mingi ya majani inaridhika, na dungusi na jamii ya mishubiri wanataka 10,000 na zaidi kwa saa kadhaa za siku.

Umbali kutoka dirishani una uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukiutoa mmea kwenye kizingiti cha dirisha na kuurudisha nyuma mita mbili, umeupokonya sehemu kubwa ya mwanga wake, ingawa kwa macho yako chumba ni kile kile. Hesabu pia vizuizi: pazia, wavu wa mbu, mti ulio nje, paa lililotokeza, ukuta wa jirani.

Upande dirisha linakoelekea nao una maana. Wanaoishi mbali kaskazini mwa ikweta hupata jua jingi kwenye madirisha ya kusini. Walio mbali kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Karibu na ikweta jua huhama, miezi kadhaa likipiga upande mmoja wa nyumba na miezi mingine upande wa pili, kwa hiyo kona iliyokuwa salama inaweza kuanza kuunguza majani bila wewe kubadilisha kitu. Dirisha la mashariki ndilo ningempa mtu anayeanza, popote alipo: jua la asubuhi ni la upole na halidumu. La magharibi hupokea jua la alasiri, chumba kikiwa tayari kimepata joto, na majani laini huungua hapo.

Kama nyumba haina dirisha la maana, taa za LED za kawaida zenye mwanga mweupe zinafanya kazi. Zining'inize sentimita 20 hadi 30 juu ya majani, ziwake saa 12 hadi 14 kwa siku, kisha zizimwe. Mmea nao unahitaji usiku wake. Taa moja ya dari iliyo mita mbili juu haisaidii chochote.

Kuchagua mmea unaolingana na mahali

Kwa mwanga hafifu, sansevieria ndiyo ya kuanza nayo: majani marefu magumu yaliyosimama wima, mara nyingi yenye mistari na kingo za njano. Wataalamu wa mimea wameihamishia kwenye ukoo wa Dracaena, kwa hiyo ukiona kibandiko kimeandikwa Dracaena trifasciata, ni mmea ule ule. Wa pili ni Zamioculcas zamiifolia, wenye majani yanayong'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Wa tatu ni aspidistra, unaokua polepole sana. Yote mitatu huvumilia giza, lakini kuvumilia si kupenda. Ukiisogeza karibu na dirisha itakua maradufu.

Mwanga wa wastani unafungua mlango mpana zaidi. Pothosi (Epipremnum aureum), ule unaotambaa na kuning'inia kutoka kwenye rafu, ni mmea mwema kwa anayejifunza kwa sababu hulegea ukiwa na kiu na kusimama tena saa chache baada ya kunywa. Filodendroni ya majani ya umbo la moyo ina tabia kama hiyo. Klorofitamu, wenye majani membamba ya kijani na nyeupe unaotoa vitoto vinavyoning'inia, haufi kirahisi. Spathiphyllum hutoa maua meupe na hukubali kivuli, ingawa kwenye kivuli kizito utaambulia majani peke yake. Monstera ni mzuri, ila kumbuka kwamba ule mdogo wa dukani utataka upana wa mita moja na zaidi ukiachwa akue.

Mwanga mkubwa ni wa dungusi, mshubiri, krasula na jamii ya mifikasi (Ficus). Kuweka dungusi mezani katikati ya ofisi isiyo na dirisha ni kumfungia gerezani. Haonyeshi haraka kwamba anakufa kwa sababu ana akiba ya maji mwilini, basi mwenyewe hudhani mambo ni shwari.

Sheria moja ndogo: majani yenye mabaka meupe au ya njano yanahitaji mwanga zaidi kuliko ya kijani tupu, maana sehemu nyeupe haitengenezi chakula. Pothosi yenye madoa ikiwekwa gizani huanza kutoa majani ya kijani kitupu. Inajiokoa.

Kujua mmea ulikotoka kunakuokoa na maswali mengi. Zamioculcas asili yake ni Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, sehemu zenye kiangazi cha kweli, na chini ya udongo una viazi vya kuhifadhia maji. Ndiyo maana kuumwagilia kila wiki ni kuuua. Monstera, wa misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati, hupanda juu ya miti, kwa hiyo unataka nguzo ya kushikilia na mwanga uliochujwa. Okidi za jamii ya Phalaenopsis huishi juu ya magome ya miti, mizizi ikiwa hewani. Ukizifukia kwenye udongo mzito umezizika. Na Saintpaulia, kale kaua kadogo ka zambarau kaliko madirishani mwa nyumba nyingi duniani, ni wa milima ya Tanzania na Kenya, Usambara ikiwa maarufu kuliko yote. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani katika miaka ya 1890 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, na ndipo ukapata jina hilo. Huko milimani huota kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Basi usiupige jua la moja kwa moja, wala usimwage maji baridi juu ya majani yake yenye manyoya, yatapata madoa.

Ningemshauri anayeanza aache kwa sasa kalathea, makangaga laini ya Adiantum na Ficus lyrata mwenye majani mapana. Si mibaya. Inataka unyevu, utulivu na mwanga ambao nyumba nyingi hazina, na kufiwa na mmea wa kwanza kunakatisha tamaa.

Kuna sababu moja ya kununua ambayo ni bora uisahau: kusafisha hewa. Hoja hiyo ilienea baada ya utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliofanywa ndani ya vyumba vidogo vilivyofungwa kabisa. Uchambuzi wa tafiti za aina hiyo uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ili mimea ishindane na hewa inayoingia na kutoka kwa kawaida ndani ya jengo, ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ya sakafu. Fungua dirisha. Mmea ununue kwa sababu unaupenda.

Kukagua kabla ya kulipa

Usidanganywe na maua wala ukubwa. Geuza majani uangalie upande wa chini, kisha chungulia kwenye makwapa, pale kikonyo kinapokutana na shina. Wadudu hujificha hapo. Ukiona vitu vyeupe kama pamba, utando mwembamba au nukta za kahawia zinazobanduka kwa kucha, rudisha mmea ulipokuwa. Inua chungu uone matundu ya chini: mizizi michache kuchungulia ni kawaida, lakini ikiwa imefungamana nje kama kamba, mmea umekaa humo muda mrefu mno. Nusa udongo. Harufu ya kuoza ni ya mizizi iliyooza. Tafuta chipukizi jipya, maana mmea unaotoa jani jipya una nguvu za kuhimili kuhama.

Ukishafika nyumbani, utenge na mimea mingine kwa wiki mbili au tatu. Usiubadilishe chungu siku hiyo hiyo na usiupe mbolea. Mimea mingi imetoka kwenye kitalu chenye mwanga mwingi na unyevu, kwa hiyo kudondosha majani machache katika wiki za mwanzo si ugonjwa. Ficus benjamina ana sifa mbaya kwa hilo: ukimhamisha tu, anapukutisha. Muache palepale. Wanaommaliza ni wale wanaomhamisha tena na tena wakimtafutia mahali pazuri.

Chungu na udongo

Chungu lazima kiwe na tundu chini. Hapa sina mjadala. Ukipenda kile cha kauri kisicho na tundu, kitumie kama koti: mmea ubaki kwenye chungu chake cha plastiki chenye matundu, ndani ya kile kizuri, na uutoe wakati wa kumwagilia.

Ushauri wa kuweka kokoto chini ya chungu "ili maji yapite" unarudiwa kila mahali, nao si sahihi. Maji hayashuki kirahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto; hukaa juu yake mpaka udongo ushibe kabisa. Matokeo yake ni kwamba sehemu iliyolowa inapanda juu, karibu zaidi na mizizi. Jaza udongo hadi chini. Kama unaogopa utamwagika, weka kipande cha wavu juu ya tundu.

Chungu cha udongo wa kuchoma hupumua, maji hupotea kupitia kuta zake. Kinamfaa anayemwagilia kwa wingi, pamoja na dungusi na mishubiri. Plastiki hushika unyevu na inamfaa anayesahau. Ukubwa usizidi ule wa zamani kwa zaidi ya sentimita 3 hadi 5 za kipenyo. Chungu kikubwa mno kina udongo mwingi usio na mizizi ya kuunyonya, na udongo huo hubaki na maji kwa wiki.

Udongo wa bustani peke yake haufai ndani ya chungu. Hushikamana, hewa ikakosa njia. Mchanganyiko unaofaa mimea mingi ya majani ni sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa au mboji iliyoiva vizuri, na sehemu moja ya kitu cha kuachanisha: perlaiti (punje nyeupe nyepesi), mchanga mkavu wa punje kubwa, au vijiwe vidogo vyepesi vya pumisi. Kwa dungusi na mishubiri geuza hesabu, kitu cha kuachanisha kiwe nusu au zaidi. Mchanga wa pwani una chumvi, usiutumie.

Kuhamisha chungu hufanyika kila mwaka mmoja au miwili, mizizi ikishajaa. Mwagilia siku moja kabla. Laza chungu ubavu, bana bana kuta zake, kisha telezesha mmea nje huku umeshika shina pale linapoingia udongoni. Usiuvute kwa majani. Itazame mizizi. Iliyo hai ni migumu, meupe au ya rangi ya maziwa, na mingine ya kahawia kidogo kutokana na udongo. Iliyooza ni meusi, inateleza, na ukiivuta ganda lake linavuka likabaki uzi mwembamba. Kata yote iliyooza kwa mkasi uliopanguswa kwa spiriti. Ikiwa mizizi imezunguka duara kufuata umbo la chungu, ilegeze kwa vidole ile ya nje. Panda kwa kina kile kile cha mwanzo, acha sentimita 2 kutoka ukingoni ili maji yapate pa kutulia, mwagilia, kisha weka mbali na jua kali kwa wiki moja.

Maji, ambako mambo huharibikia

Mizizi inapumua. Katikati ya punje za udongo kuna nafasi za hewa, na ukimwagilia maji huzijaza nafasi hizo; yakikauka, hewa inarudi. Udongo usipopata nafasi ya kukauka, mizizi hukosa oksijeni, inadhoofika, kisha kuvu na viumbe vya jamii ya Pythium na Phytophthora vinamalizia. Mzizi uliooza haunyonyi tena. Ndipo unapokuja mtego: mmea unalegea kama wenye kiu ilhali udongo umelowa, mwenyewe anakimbilia ndoo, anaongeza maji juu ya maji. Kabla ya kumwagilia mmea uliolegea, ingiza kidole kwanza.

Achana na kalenda. "Kila Jumamosi" haijui kama wiki hii ilikuwa ya mawingu au ya jua. Kinachofaa ni ratiba ya kukagua: pita kwenye mimea yako mara moja au mbili kwa wiki, na umwagilie ile tu inayostahili. Kidole kizamishwe hadi kifundo cha pili, kama sentimita 4 au 5. Kwa pothosi, filodendroni na monstera, kikitoka kikavu, mwagilia. Spathiphyllum na makangaga yanataka maji mara tu sehemu ya juu inapoanza kukauka. Sansevieria, zamioculcas, mshubiri na dungusi wasubiri mpaka udongo ukauke wote, juu hadi chini. Sindano ya mbao iliyozamishwa mpaka chini itakuambia, ikitoka safi bila udongo kushikamana nayo. Zamioculcas kwenye mwanga hafifu anaweza kukaa mwezi mzima bila kuguswa.

Njia ninayoiamini zaidi ni uzito. Inua chungu mara tu baada ya kumwagilia, mkono uujue uzito huo. Kiinue tena udongo ukiwa mkavu. Baada ya wiki chache hutahitaji kuchafua kidole.

Ukimwagilia, mwagilia kweli. Vijiko vitatu vya maji kila siku hulowesha juu tu, mizizi ya chini ikabaki kavu. Mimina polepole ukizunguka chungu chote mpaka maji yatoke chini, subiri kama nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kisahani chenye maji kinaozesha mizizi, tena ni mazalio ya mbu. Yai la mbu linaweza kufikia kuwa mbu kamili kwa wiki moja hivi kwenye joto. Hilo linahusu pia chupa za vipandikizi: badilisha maji yake kila baada ya siku chache na uisugue chupa.

Udongo uliokauka kupita kiasi, hasa wenye makumbi au mboji nyingi, hukataa maji. Utaona maji yanashuka kando ya chungu na kutoka chini papo hapo, katikati kukiwa bado kukavu. Hapo zamisha chungu kwenye beseni lenye maji hadi nusu yake, kwa dakika 30, kisha kiache kichuje.

Maji ya bomba yanafaa mimea mingi. Draseni (Dracaena) na klorofitamu huumizwa na floraidi, ncha za majani zikawa kahawia. Kuyaacha maji usiku kucha kunapunguza klorini ya kawaida, ila floraidi haiondoki kwa njia hiyo. Kwa mimea hiyo miwili maji ya mvua ni bora. Na katika miezi ya baridi au ya mawingu, punguza. Mwanga umeshuka, basi na kunywa kumeshuka.

Ukisafiri kwa wiki mbili, usiujaze mmea maji ya kuaga. Mwagilia kama kawaida, uruhusu uchuje, kisha uusogeze mbali kidogo na dirisha. Ukikosa mwanga mwingi hautakuwa na haraka ya kunywa.

Mbolea, hewa na joto

Mbolea watu huipa heshima isiyo yake. Mmea unaofifia kwa kukosa mwanga hauokolewi na mbolea. Tumia ya maji, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kila wiki 4 hadi 6 wakati mmea unatoa majani mapya, na uache kabisa ukiwa umetulia. Usimwage mbolea kwenye udongo mkavu, itaunguza mizizi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au ukingoni mwa chungu, ni chumvi iliyojikusanya: pitisha maji mengi safi yashuke na kutoka chini, urudie mara mbili tatu.

Mimea mingi ya ndani asili yake ni nchi za joto, na nyuzijoto 18 hadi 27 za Selsiasi inaiona sawa. Chini ya nyuzi 10 mingi huumia. Upepo wa kiyoyozi ukiipiga moja kwa moja hukausha kingo za majani, hali kadhalika hita. Kuhusu unyevu wa hewa, asilimia 40 hadi 60 inatosha. Kunyunyizia majani ukungu wa maji kunampendeza mnyunyizaji. Dakika chache baadaye unyevu umeshapotea. Kukusanya mimea pamoja kunasaidia zaidi, au kuihamishia bafuni kama bafu lina dirisha.

Futa vumbi kwenye majani mapana kwa kitambaa chenye maji, ukiyashikilia kwa chini kwa mkono wa pili. Vumbi huzuia mwanga. Usipake mafuta wala maziwa ili yang'ae. Na kila wiki zungusha chungu robo duara, la sivyo mmea utainamia dirishani.

Majani yanapolalamika

Dalili moja inaweza kuwa na sababu tatu, kwa hiyo anza na udongo kabla ya kukisia. Majani ya chini kuwa njano na udongo umelowa: maji yamezidi. Njano na udongo mkavu kama vumbi: kiu. Jani moja la zamani la chini likiwa njano mara moja moja, huo ni uzee, likate uendelee na shughuli zako. Shina refu jembamba lenye majani madogo yaliyoachana ni la mmea unaoutafuta mwanga. Usogeze, na ukate ncha ili utoe matawi. Mabaka meupe au ya kahawia makavu upande unaotazama dirisha ni ya kuungua na jua. Jani lililoungua halirudi kijani, usilisubiri.

Wadudu

Vidung'ata ni wale wanaofanana na vipamba vyeupe kwenye makwapa ya majani. Chovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti ya asilimia 70, mguse mmoja mmoja. Watabadilika rangi na kufa. Rudia kila wiki kwa mwezi mmoja, kwa sababu mayai hayafi yote mara moja. Utitiri ni mdogo mno kuonekana vizuri. Utaona nukta nyingi za njano hafifu kwenye jani na utando mwembamba upande wa chini. Hupenda hewa kavu. Upeleke mmea bafuni, uusuuze majani kwa maji yenye nguvu, kisha unyunyizie mchanganyiko wa kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, chini ya kila jani, jioni. Jaribu kwanza kwenye jani moja. Vidugamba, vile vinundu vya kahawia vilivyoganda kwenye shina, wakwangue kwa kucha au mswaki, kisha spiriti.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyorukaruka juu ya udongo vinatangaza kwamba udongo haukauki. Viluwiluwi vyake huishi kwenye sentimita chache za juu. Acha sehemu hiyo ikauke kabisa kati ya kumwagilia na kumwagilia, weka kibandiko cha njano chenye gundi kuwanasa wanaoruka, na idadi itashuka.

Watoto na wanyama

Difenbakia, pothosi, filodendroni, monstera, spathiphyllum na zamioculcas wana fuwele za kalsiamu oksaleti kwenye utomvu. Mtoto akitafuna jani, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Weka juu, vaa glavu ukikata, nawa mikono. Mshubiri huwadhuru mbwa na paka wakiutafuna. Mayungiyungi halisi ya jamii ya Lilium yanaweza kumuua paka kwa kuharibu figo, hata chavua tu iliyomwangukia manyoya akairamba. Kama una paka, usiyaingize ndani hata kwenye chombo cha maua. Saikasi nao ni hatari kubwa kwa mbwa. Klorofitamu, Saintpaulia, peperomia na kalathea hawana sumu kwa wanyama hao.

Kupata mimea mingine bila kununua

Pothosi na filodendroni ni rahisi kuliko zote. Kwenye shina utaona kifundo, kile kinundu ambapo jani hutokea, mara nyingi kikiwa na kijimzizi cha kahawia kilichotangulia. Kata sentimita moja chini yake, ondoa jani la chini, tia kwenye chupa ya maji kifundo kikiwa kimezama. Bila kifundo huna mmea. Jani peke yake litakaa kijani kwa miezi na halitatoa shina. Mizizi ikifika sentimita 5, hamishia kwenye udongo, usiache irefuke sana majini maana itapata shida kuzoea.

Vitoto vya klorofitamu vipandwe kwenye chungu kingine vikiwa bado vimeungana na mama, ukate kamba vikishashika. Jani la Saintpaulia likichomekwa na kikonyo chake kwenye mchanganyiko mwepesi hutoa vijimea chini yake. Jani la zamioculcas nalo huota, ila kwanza hutengeneza kiazi, na chipukizi linaweza kuchukua miezi mingi. Ukilifukua kila mara kuangalia utalivunja.

Sansevieria hukatwa vipande vya sentimita 8 hivi, vikaachwa siku mbili tatu kidonda kikauke, halafu vikachomekwa upande ule ule uliokuwa chini. Ukivigeuza havioti. Na ile yenye kingo za njano, kipande cha jani kitazaa mmea wa kijani bila kingo hizo. Ukitaka rangi ibaki, toa mmea mzima kwenye chungu na uugawe kwa kisu, kila kipande kibaki na mizizi na majani yake.